Skana Nene na Heller za Tabora: Miezi Saba na Epson Perfection V600

Babu yangu mzaa baba aliacha mkebe wa majani ya chai wenye sarafu sitini na kitu, na baada ya arobaini yake tulikubaliana katika kikao cha familia kwamba mkebe ule usigawanywe, ubaki hapa Tabora, ila kila tawi la ukoo lipate picha nzuri ya kila sarafu, pande zote mbili. Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi kwa kuwa ndiye ninayeishi hapa na ndiye mwenye kompyuta. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Imenichukua zaidi ya mwaka, na nimeona niandike tathmini hii kwa ajili ya yeyote mwenye mkebe wa namna hiyo nyumbani kwao, kwa sababu muda mwingi na fedha kiasi nilivyopoteza ningeviokoa kama ningekutana mapema na mtu wa kunieleza tofauti kati ya skana moja na nyingine.

Mkebe una sarafu za zama nyingi. Zimo pesa, yaani sarafu ndogo za shaba za zama za Wajerumani, za mwaka 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Imo rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya kijeshi. Zimo shilingi za Afrika Mashariki zenye simba mbele ya milima, senti kumi zenye tundu ambazo watu walizitunga kwenye kamba, na sarafu zetu wenyewe za mwaka 1966 zenye sura ya Mwalimu Nyerere, zikiwa na mwenge, sungura, mbuni na samaki kwenye migongo yake. Hata hivyo, zilizonifanya nikatae picha ya hovyo ni sarafu tatu tu: heller 20 za mwaka 1916, sarafu ndogo za Wajerumani zilizopigwa hapa hapa Tabora.

Msomaji asiyeifahamu habari hiyo anastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha tathmini yote. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia manowari za Waingereza ziliziba pwani, sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani, na serikali ya kikoloni ya Wajerumani iliyokuwa imehamishia shughuli zake Tabora ikaanza kupiga fedha yake yenyewe kwa mitambo ya karakana ya reli. Zilipigwa heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo aliyeinua mkonga, ambazo dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini na kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Neno hela tunalolitamka kila siku sokoni limetokana na heller hiyo hiyo, na ukiishika mkononi hapa Tabora, ukiona herufi T iliyowekwa kuonyesha mahali ilipozaliwa, huwezi kuridhika na picha ambayo T hiyo inaonekana kama doa.

Nilianza na simu, kama kila mtu. Simu yangu hupiga picha nzuri za watu na mashamba, lakini kwa kitu chenye upana wa milimita 29 nililazimika kuisogeza karibu mno, kivuli changu kikaangukia sarafu, na mkono ukitikisika kidogo tu herufi zinaingia ukungu. Zaidi ya hayo, kila picha ilitoka na ukubwa wake na rangi yake, hata sarafu tatu zilizofanana zikaonekana kama zimetoka nchi tatu. Mwenye simu bora, kishikio na taa mbili za pembeni anaweza kupata picha inayozidi ya skana yoyote, nami sibishi. Lakini kwa sarafu sitini, pande mia moja na ishirini, nilihitaji kifaa ambacho kingenipa mwanga ule ule na kipimo kile kile kila mara, na hiyo ndiyo faida kubwa ya skana.

Hatua ya pili ilikuwa kwenda duka la vifaa vya ofisi mjini, ambako wana mashine moja inayochapa, kutoa nakala na kuskani. Dada wa pale alinipokea vizuri, akasafisha kioo, akaniruhusu kuzipanga sarafu mwenyewe. Picha zilipotoka, ukingo ulioinuka na nywele za mfalme kwenye shilingi vilikuwa vikali kabisa, lakini uwanda wa sarafu, yaani sehemu ya chini ambako maandishi yanasimama, ulikuwa kama umefunikwa na pazia jembamba. Sarafu nilizokuwa nimeziacha ndani ya vifuko vyake vya plastiki zilitoka na ukungu mtupu. Baadaye nilinunua skana nyembamba ya mezani, nzuri kwa vyeti na barua, nikapata matokeo yale yale. Siitaji kampuni yake kwa sababu tabia hiyo si ya kampuni moja bali ni ya aina nzima ya mashine hizo, na anayeilewa sababu yake hatanunua kwa makosa niliyoyafanya mimi.

Sababu ni hii. Skana nyembamba, pamoja na nyingi za zile zilizounganishwa na printa, hutumia kihisi kinachoitwa CIS, ambacho kimepangwa kwa urefu chini ya kioo na kukaribiana sana na karatasi. Hakina nafasi ya lenzi kubwa wala vioo vya kurudisha picha, ndiyo maana mashine ni nyembamba, nyepesi, na huweza kutumia umeme wa waya wa kompyuta peke yake. Gharama ya wepesi huo ni kwamba kinaona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Kitu kikiinuka milimita moja hivi, tayari kimeanza kupotea. Karatasi haina shida hapo, kwa kuwa haina kina. Sarafu ni mlima na bonde. Skana za aina ya pili hutumia kihisi cha CCD: mwanga unaotoka kwenye kitu hupita kwenye vioo kadhaa na kuingia katika lenzi kabla ya kufika kwenye kihisi, na lenzi hiyo huona kwa ukali hata milimita kadhaa juu ya kioo. Mashine za namna hiyo ni nene, nzito na zinahitaji waya wake wa umeme. Ukiwa dukani na huna wa kumuuliza, unene huo ni dalili nzuri.

Epson Perfection V600 ni ya aina hii ya pili. Ilitengenezwa hasa kwa wapiga picha wanaotaka kuskani filamu za zamani, na kifuniko chake kina taa yake kwa kazi hiyo. Mimi taa hiyo ya juu siitumii kabisa. Taa yake ya kawaida ni ya LED, kwa hiyo haihitaji kusubiriwa ipate moto kama taa za mirija za skana za zamani, na rangi ya sarafu ya kwanza na ya mwisho katika kikao kimoja inabaki ile ile. Yangu imeshatumika. Niliagiza kwa muuzaji wa vifaa vya mitumba Kariakoo, ikaja kwa basi ikiwa imefungwa vizuri ndani ya blanketi, na kwa jumla, pamoja na nauli ya mzigo, ilinigharimu shilingi 420,000. Ni fedha nyingi kwa kazi ya familia. Tuliichangia.

Siku ya kwanza niliweka heller ya shaba nyekundu katikati ya kioo, nikaskani, na uwanda wa sarafu ukaonekana hadi kwenye mizizi ya herufi. Pazia lile halikuwepo. Nilifurahi sana, lakini furaha hiyo ilikuja pamoja na jambo la ajabu: taji lililo upande mmoja wa heller lilionekana kama limechimbwa ndani ya sarafu badala ya kuinuka juu yake. Nilidhani macho yamechoka, nikamwita mke wangu, naye akaona vilevile. Ilinichukua siku mbili kuelewa, na hili ndilo fundisho lenye thamani kuliko yote niliyoyapata.

Ndani ya skana, taa ni kama fimbo iliyolala kwa upana wa mashine, na inatembea pamoja na kihisi kutoka mwisho mmoja wa kioo hadi mwingine. Taa hiyo haipo mahali pale pale pa kihisi; ipo upande mmoja wake, na hivyo inamulika sarafu kwa mshazari kutoka upande huo mmoja daima. Vivuli vyote huangukia upande wa pili, kufuata urefu wa mashine. Macho ya binadamu, yaliyozoea jua la juu, hudhani kila mara kwamba mwanga unatoka juu ya picha. Ukiiweka sarafu ili mwanga wa skana uiingie kutoka miguuni, macho yanadanganyika, mlima unakuwa shimo. Dawa yake ni rahisi: geuza sarafu juu chini kwenye kioo, iskani, kisha uigeuze picha kwenye kompyuta hadi isimame sawa. Taji likainuka mahali pake.

Kwa kuwa mwanga hauhami, mwenye kuhama ni sarafu. Sasa kila sarafu ngumu ninaiskani mara nne, kila mara nikiizungusha robo ya duara, kisha nazisimamisha zote nne na kuzilinganisha. Mstari mwembamba unaokwenda sambamba na njia ya mwanga haupati kivuli, kwa hiyo hauonekani. Ukiizungusha sarafu kwa robo, mstari huo unakatizwa na mwanga na unajitokeza. Rupia ya fedha, ambayo sura ya Kaisari imelika sana kwa kupita mikononi mwa watu, ilionekana tambarare katika mikao mitatu, na katika ule wa nne tu, mwanga ukitoka mbele ya uso wake, ndipo mapambo ya kofia yalipojitokeza. Ningeacha kwenye picha ya kwanza ningeandika kwenye daftari kwamba mapambo yamefutika.

Ni njia hiyo hiyo iliyonionyesha kwamba heller zetu tatu si ndugu wa kufanana. Sarafu za Tabora zilipigwa kwa mihuri iliyochongwa papo hapo, si kwa ile ya Ulaya, na wakusanyaji wa sarafu wamezigawa kwa tofauti za mihuri hiyo: upande wenye taji, kuna taji kubwa na taji dogo, upande wenye neno HELLER, kuna herufi L yenye ncha iliyopinda na L yenye ncha iliyochongoka. Nilikuwa nimezitazama sarafu hizo tangu utotoni, Babu akizimwaga juu ya mkeka wakati wa Idi, na sikuwahi kuona tofauti yoyote isipokuwa ya rangi. Nilipoziweka picha tatu kando kwa kando kwenye skrini, zote kwa kipimo kimoja na mwanga mmoja, nilihitaji dakika chache tu: moja ya shaba ya njano ina taji dogo, na ncha ya L yake ya pili haifanani na za wenzake. Simu isingenipa ulinganisho huo, kwa sababu kila picha ingekuwa na umbali wake, na nisingeweza kujua kama taji ni dogo au simu ilikuwa mbali.

Kuhusu ukali wa kuskani, boksi la mashine linasema nukta 6,400 kwa inchi, na anayenunua anavutwa na namba hiyo. Kwa sarafu, nukta 1,200 zinatosha kwa karibu kila kitu. Heller 20, kwa milimita 29 zake, inatoa picha yenye upana wa pikseli kama 1,370, ambayo inajaza skrini ya kompyuta yangu na kuzidi. Nikitaka kuangalia ncha ya herufi moja, natumia 2,400. Juu ya hapo, kama ilivyo kwa skana za mezani kwa ujumla, faili linazidi kunenepa lakini sarafu haiongezi siri. Jambo la kuzingatia zaidi ni kuchora mstari wa kuchagua sarafu peke yake kabla ya kuskani. Nilisahau siku moja nikaskani kioo chote kwa nukta 1,200, na faili likawa na zaidi ya megabaiti 400, kompyuta ikaganda nusu saa.

Programu inayokuja na mashine ina mpangilio wa kujiendesha wenyewe na ule uitwao Professional. Kwa sarafu, tumia huo wa pili na uzime karibu kila msaada unaotolewa: kuondoa vumbi, kurudisha rangi, kusahihisha mwanga. Misaada hiyo ilitungwa kwa ajili ya picha za watu na karatasi. Kifaa cha kuondoa vumbi hakijui tofauti kati ya chembe ya vumbi na nukta iliyo kati ya herufi D.O.A. (kifupi cha Kijerumani cha Afrika Mashariki ya Wajerumani), na kile cha kurudisha rangi kiliigeuza shaba nyekundu ya Tabora ikafanana na sarafu mpya ya kiwandani, jambo ambalo kwangu ni sawa na kusema uongo juu ya marehemu. Vumbi naliondoa kabla, kwa brashi laini ya kupakia rangi. Ukali wa kingo nauongeza mwishoni, kidogo, kwenye nakala na si kwenye faili la asili.

Kuna mambo mawili ya kioo ambayo sikuyasoma popote, niliyagundua kwa kurudia. La kwanza ni kwamba sarafu ikae katikati ya upana wa kioo. Lenzi ya CCD inatazama kutoka katikati, hivyo sarafu iliyo pembeni inaonekana kwa mshazari, unauona ubavu wake mmoja, na duara halikai sawa. Kwa hiyo sizipangi tena sarafu kumi kwa mara moja. Nazipanga tatu kwa msafara, zikifuata urefu wa mashine. La pili ni kifuniko. Nikikifunga, kinaegemea sarafu na kuzisogeza, na kusogea huko kunaweza kuukwaruza uso wa sarafu na kioo vilevile. Nakiacha wazi, nafunika kwa boksi la viatu nililolipaka rangi nyeusi kwa ndani. Sarafu inatoka ikiwa imesimama peke yake katika giza, ukingo wake wote ukionekana.

Ipo kazi ambayo mashine hii, na skana yoyote ninayoifahamu, haiifanyi vizuri, nayo ni sarafu inayong'aa. Niliijaribu shilingi 500 mpya, ile ya mwaka 2014 yenye nyati, na uwanda wake ukatoka mweusi kama lami. Uso laini hurudisha mwanga upande wa pili badala ya kuupeleka kwenye kihisi, kama kioo cha kujitazamia kinavyoonekana cheusi ukikiangalia kwa mshazari gizani. Alama yake ya usalama, inayobadilika kati ya 500 na BOT ukiichezesha mkononi, nayo haiwezi kuonyeshwa na mwanga usiohama. Kila skani inakamata hali moja tu, na kwa kuizungusha nilizipata zote mbili katika picha mbili. Mwenye sarafu mpya mpya, au zile za kumbukumbu zenye uso wa kioo, afadhali atumie kamera na taa. Sarafu zilizopita mikononi mwa watu, zenye rangi ya umri, ndizo mashine hii imezipenda.

Hapo naomba nisisitize jambo moja kwa uchungu. Wapo wanaosugua sarafu kwa ndimu na majivu ili zing'ae kabla ya kuzipiga picha au kuziuza. Mmoja wa wajomba zangu aliifanyia hivyo pesa ya mwaka 1890 kwa nia njema kabisa, na sasa maandishi ya Kiarabu yamejaa mikwaruzo ambayo skana inaionyesha yote, mmoja mmoja, bila huruma. Ile rangi ya kahawia iliyokaa miaka mia moja haitarudi.

Kwa upande wa matumizi ya kila siku, V600 si mashine ya kusafiri nayo. Inachukua nusu ya meza yangu, na kwa kuwa haitumii umeme wa kompyuta, umeme ukikatika katikati ya skani unapoteza kazi hiyo, wakati skana nyembamba ingeendelea kwa betri ya kompyuta ndogo. Nimejifunza kufanya kazi hii asubuhi na mapema na kuhifadhi kila skani kabla ya kuanza nyingine. Asiye na sarafu bali ana vyeti, hati za kiwanja na barua za zamani, asinunue mashine ya unene huu. Ile nyembamba itamtosha kabisa kwa bei ndogo zaidi. Mwenye sarafu tano tu namshauri aazime mashine ya CCD kwa siku moja, kama yupo jirani anayeskani filamu.

Faili za asili ninazihifadhi kama TIFF kwenye diski mbili, moja kwangu na moja Dodoma kwa kaka yangu, na nakala za JPEG ndizo zinazokwenda kwa ndugu. Mwanzoni nilizituma kwenye WhatsApp kama picha za kawaida, zikafika zimebanwa hadi T ya Tabora imekuwa doa tena, yaani nilikuwa nimerudi pale pale nilipoanzia. Sasa nazituma kama faili la waraka, na zinafika kamili. Shangazi yangu wa Kigoma, ambaye macho yake si ya ujana, alizikuza heller tatu kwenye simu ya mwanawe, kisha akanipigia kuniuliza kwa nini sikumwambia kwamba ile moja ina alama ya jino. Nilirudi kwenye picha. Ukingoni, upande wa kushoto wa taji dogo, kweli kuna vishimo viwili vidogo nilivyokuwa nimevichukulia kama kasoro ya chuma. Shangazi anasema ni vya baba yangu, alipokuwa anaota meno, na kwamba Babu alikataa kumnyang'anya.

Nimeviandika kwenye daftari mbele ya sarafu hiyo. Zimebaki senti kumi zenye tundu, ishirini na mbili, ambazo nitaziskani juu ya karatasi ya kijivu ili tundu lionekane ni tundu.